Mji Unaojua Vidonda vya Watu Wake



Goma imepigwa mara nyingi: moto wa Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, kisha vita ya Januari 2025. Nyumba tunaijenga tena kwa mbao na mabati. Na roho ya mtu je?

Mtoto anayeshtuka mlango ukigongwa, baba mwenye hasira kila saa, mama asiyepata usingizi: hao si wendawazimu, wala hawakurogwa. Mwili wao bado unangojea hatari.

Dawa ya kwanza ni namna tunavyowapokea. Muuguzi aeleze kabla ya kugusa. Mwalimu asimchape mtoto aliyeduwaa darasani. Karani asimlazimishe mjane kusimulia mbele ya foleni. Mkuu wa avenue atangaze mapema siku ya kuandikisha watu, asigonge milango usiku.

Aliyebakwa afike kituo cha afya upesi, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi. Hata akichelewa, aende. Matunzo mengine yapo. Kule Panzi, Bukavu, matunzo ya mwili, ya roho na msaada wa sheria vinaunganishwa, ili mtu asirudie habari yake kila mlango.

Tunaomba kila avenue ichague mama mmoja na baba mmoja wa kusikiliza, wanaojua kutunza siri. Siri ikivuja, hakuna atakayesema tena.