Madai na Mapigo: Kutoka Lundha hadi Kisumu ya 1969

Wasikilizaji wanaofuatilia historia ya Marekani wanafahamu kwamba haki walizopata watu weusi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe zilianza kuporwa majimbo ya kusini yalipoachiwa kujiamulia mwaka 1877. Mageuzi ya aina hiyo, yanayozaa mapigo ya kuyarudisha nyuma, yameshuhudiwa pia kandokando ya Ziwa Viktoria, nchini Kenya.

Tarehe 23 Desemba 1921, umati ulikutana Lundha, Gem, ukiongozwa na wasomi wa shule za misheni, miongoni mwao Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende, ukapinga kodi ya nyumba iliyofika shilingi 16, kazi za lazima, kipande, yaani cheti chenye alama za vidole ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho, na zaidi ya yote kugeuzwa kwa nchi kuwa koloni mwaka 1920, jambo lililotia hofu kuhusu ardhi. Vuguvugu hilo liliitwa Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Gavana Northey alipofika Nyahera Julai 1922, alikubali kodi ipunguzwe na kambi za kazi zifungwe, lakini suala la koloni, ambalo ndilo lililokuwa zito, hakuligusa. Mwaka 1923 mmisionari Walter Owen akaligeuza vuguvugu hilo kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi, kikawa kinahimiza uchimbaji wa vyoo, uuaji wa panya na upandaji wa miti. Mambo hayo yalikuwa na faida, bila shaka, ila makali ya siasa yalikuwa yametolewa bila risasi hata moja.

Baada ya uhuru pigo halikuwa la upole. Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966 na kuongoza chama cha KPU, na papo hapo katiba ikabadilishwa ili wabunge waliohamia huko warudi kwa wapiga kura. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta alipokuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, umati ulimzomea, walinzi wakafyatua risasi na watu wakauawa. Siku 5 baadaye KPU ilipigwa marufuku, na Jaramogi akawekwa kizuizini.

Mwaka 1982 kifungu cha 2A cha katiba kiliuhalalisha mfumo wa chama kimoja, nacho kilifutwa Desemba 1991, Jaramogi akiwa na umri wa miaka 80.