Kuchagua Vipuri vya Kompyuta ya Kwanza kwa Fedha Kidogo: Mada kwa Vikundi vya Basotu



Mkazi wa Basotu anayetaka kumwombea mwanawe mkopo wa elimu ya juu, kutuma maombi ya kazi serikalini au kukata leseni ya biashara katika mfumo wa TAUSI huhitaji kompyuta yenye intaneti. Asipoipata karibu, hulipa nauli hadi Katesh, na siku ya mwisho ya maombi haimsubiri. Hapo ndipo vikundi vya vijana huona nafasi ya kufungua kibanda cha huduma, pengine kwa mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini hurejeshwa. Kipuri kisichofaa kikinunuliwa, deni hubaki na mashine haiwaki.

Hatua ya kwanza ni kuitaja kazi kabla ya kutaja bei. Kibanda huchapa barua, hujaza fomu, huskani vyeti na kutoa nakala. Kazi hizo hazihitaji kadi ya picha ya pekee, ambayo humeza fedha nyingi kwa manufaa ya michezo na video. Kichakataji chenye viini vinne na uwezo wa picha ndani yake kinatosha. Hapa pana mtego: vichakataji vya Intel ambavyo jina lake huishia na herufi F havina uwezo huo. Kwa AMD ya soketi AM4, kwa kawaida ni vile vyenye herufi G vinavyoonyesha picha bila kadi. Mnunuzi asiyeisoma herufi hiyo moja huweza kufika nyumbani na mashine kamili isiyoonyesha chochote kwenye skrini.

Hatua ya pili ni ulinganifu. Basotu, yenye historia ya mashamba makubwa ya ngano, inajua kwamba mkanda wa mashine moja ya kuvunia haufungwi kwenye nyingine kwa sababu tu vimefanana. Ndivyo ulivyo ubao mama. Soketi ya Intel LGA1151 ilitumika kwa vizazi vya 6 na 7, kisha ikatumika tena kwa vya 8 na 9. Umbo likabaki lile lile, lakini kichakataji cha kizazi cha 8 hakikukusudiwa kuwaka kwenye ubao wa kizazi cha 6. RAM nazo hutofautiana: DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, kwa kuwa pengo la kila aina limewekwa mahali pake. Ni salama kununua kichakataji, ubao mama na RAM kwa pamoja, katika duka moja, vikiwa vimeunganishwa na kuwashwa mbele ya mnunuzi. GB 8 za RAM zinatosha kuanzia, mradi ubao uwe na nafasi tupu ya kuongeza.

Kwa uhifadhi, SSD ya GB 240 au 256 huipa kompyuta wepesi ambao diski ya kuzunguka haiwezi kuutoa. Hata hivyo, nyaraka za wateja zisikae mahali pamoja tu. Diski ndogo ya nje kwa ajili ya nakala ni sehemu ya bajeti tangu mwanzo.

Kipuri kisichopaswa kubaniwa fedha ni kile kinachogawa umeme ndani ya kasha, ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Kikiwa duni, huweza kuunguza vyote vilivyounganishwa nacho. Chenye swichi ya 115 na 230 kiwekwe 230 kabla ya kuchomekwa, kwa kuwa huo ndio umeme wa Tanzania. UPS nayo si anasa: umeme ukikatika, humpa mhudumu dakika za kuhifadhi fomu na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS ndogo, kwani huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Wakati wa radi, nyaya zote zichomolewe ukutani.

Vumbi la kiangazi lina gharama yake pia. Kasha lenye vichujio, likiwa juu ya meza badala ya sakafuni na kupulizwa mara kwa mara huku mashine imezimwa, hurefusha maisha ya feni na vipuri vingine.

Mara nyingi kompyuta kamili ya ofisini iliyokwisha kutumika huwa nafuu kuliko vipuri vipya. Njia hiyo haina aibu, ila ina masharti mawili. Kwanza, baadhi ya kompyuta za Dell na HP zina pawa saplai za umbo lake zenyewe, hivyo ikiharibika si kila ya dukani itaingia. Pili, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel hutaka, kwa jumla, kizazi cha 8 au cha baadaye. Mashine ya zamani zaidi yaweza kuendeshwa kwa Linux na LibreOffice, ambazo hazilipiwi. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Kikundi kinachokwenda Arusha au Kariakoo kiende na orodha iliyoandikwa na kupitishwa kikaoni, yenye majina kamili ya vipuri hadi herufi ya mwisho. Kisilipe kabla ya kuona mashine ikiwaka, na kidai risiti ya EFD pamoja na dhamana ya maandishi. Fedha ikipungua, kipunguze ukubwa wa skrini au uzuri wa kasha. Skrini na kasha hubadilishwa baadaye bila kugusa kingine. Pawa saplai, UPS na diski ya nakala vibaki kwenye orodha, kwa kuwa ndivyo vinavyolinda mashine, nyaraka za wananchi na marejesho ya mkopo.