Gia Ikiruka, Usikimbilie Bisibisi

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi kwa wanachama wa ushirika, Nyangoto)



Mwenyekiti ameniomba niseme habari za baiskeli zetu za gia, zile kuukuu za mtumba tulizonunua kwa kazi ya maziwa. Ziko tatu, na inayotembea ni moja tu. Wengine wenu mmesema tuziuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kabla hamjaamua, nisikilizeni, maana ninalo la kuungama.

Mnamkumbuka kijana wetu aliyekuwa akipeleka maziwa Nyamwaga. Alituambia gia haitulii, mnyororo unaruka kila akipanda mlima. Sisi tukasema ni uzembe wake. Tukamkata shilingi 20,000, na mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Halafu nikaichukua baiskeli mwenyewe, eti nionyeshe mfano. Nikanunua mnyororo mpya kwa fedha ya ushirika. Gia ikaruka vile vile. Nikashika bisibisi, nikazungusha kila skrubu niliyoiona. Kesho yake mlimani nikaweka gia nyepesi. Mnyororo ukapita meno, ukaingia kwenye spoku, gurudumu likakwama. Nikaanguka. Madumu mawili, lita 40, yakamwagika barabarani. Na maziwa yale hayakuwa yangu, yalikuwa yenu.

Fundi alipoiona hakugusa kitu. Alisimama nyuma ya baiskeli, akainama, akafumba jicho moja, akasema, "Mzee, hapa pamepinda." Kumbe ni sisi wenyewe! Tuliilaza ghalani kwa ubavu wa kulia, tukapanga magunia ya mahindi juu yake. Kijana hakuwa na kosa.

Basi tujue kwanza gia inavyofanya kazi. Nyuma kuna friwili, yaani meno ya duara, makubwa kwa madogo. Chini yake unaning'inia mkono wa gia, kile chuma chenye vigurudumu viwili. Katika baiskeli nyingi, waya ukivutwa kutoka kwenye usukani, mkono husukuma mnyororo kwenda kwenye meno makubwa. Hiyo ndiyo gia nyepesi ya kupandia mlima. Waya ukilegezwa, springi huurudisha mnyororo kwenye meno madogo.

Sasa ukaguzi. Mtu mmoja ainue gurudumu la nyuma. Mwingine azungushe pedali kwa mkono, akibadilisha gia moja moja. Fuateni utaratibu huu, msiruke.

Kwanza, uchafu. Vumbi likichanganyika na oili huwa kama msasa, hula mnyororo. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, acha ukauke, tia tone moja la oili kila kiungo, kisha futa inayobaki nje. Oili nyingi hukusanya mchanga.

Pili, tazama kama mkono wa gia umepinda. Simama nyuma. Vigurudumu viwili na jino lililo juu yake viwe katika mstari mmoja. Ukiona mkono umeelekea kwenye spoku, usiiendeshe. Fremu ya chuma fundi anaweza kuinyoosha polepole. Ya aluminiamu huvunjika upesi, usijaribu mwenyewe.

Tatu, waya. Mnyororo ukichelewa kupanda kwenye meno makubwa, waya umelegea. Pale waya unapoingilia nyuma ya mkono wa gia kuna kinati cha kuzungusha kwa vidole. Ukiwa umesimama nyuma ya baiskeli, kizungushe kinyume cha saa, nusu mzunguko tu, ujaribu tena. Mnyororo ukipanda vizuri lakini ukachelewa kushuka, waya umekazwa mno au una kutu ndani ya mpira wake. Wenye kutu au nyuzi zilizokatika, badilisha waya pamoja na mpira wake.

Nne, kuchakaa kwa mnyororo. Azima rula ya mtoto wa shule, upande wa inchi. Nyoosha mnyororo, weka sifuri katikati ya pini moja. Kwenye inchi 12 pawe katikati ya pini nyingine. Pini ikipita alama kwa milimita moja na nusu, mnyororo umekwisha. Ikipita kwa milimita 3, na friwili nayo imekwisha. Hapo nunua vyote viwili, kwani mnyororo mpya kwenye meno yaliyolika utaruka pale pale unapokanyaga kwa nguvu.

Tano, na ni mwisho kabisa, zile skrubu mbili ndogo zenye herufi H na L. Hizi hazitulizi gia inayoruka. Kazi yake ni mipaka. H huzuia mnyororo usipite meno madogo, L huzuia usipite meno makubwa ukaingia kwenye spoku. Kama mnyororo hauanguki pembeni, usiziguse. Mimi niliilegeza L bila kujua, na mmeona matokeo yake.

Wazee wenye Raleigh za zamani, zenye gia 3 za Sturmey-Archer ndani ya habu, shida yenu kubwa ni urefu wa kile kijinyororo kidogo. Weka gia ya 2, chungulia kwenye tundu la nati ya kulia. Pale kijinyororo kinapoungana na kifimbo chake pawe sawasawa na mwisho wa ekseli. Kama sivyo, kaza au legeza. Ikikaa vibaya, pedali inaweza kuzunguka bure ghafla, nawe umesimama juu yake.

Ndugu zangu, mimi nilijua kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha jioni. Mwalimu wetu alikuwa akisema, ukikwama kwenye neno usibahatishe, rudi mwanzo wa mstari. Kwenye daftari nilimtii. Kwenye baiskeli nikabahatisha.

Kwa hiyo naleta maombi matatu. Kijana arudishiwe shilingi 20,000 zake, na mimi nimwombe radhi mbele yenu. Maziwa yaliyomwagika nitayalipa mimi. Na baiskeli mbili zilizobaki zisiuzwe mpaka tuzikague Jumamosi, asubuhi, hapa hapa ghalani. Njooni na rula, vitambaa na mafuta ya taa kidogo. Bisibisi ziacheni nyumbani kwanza.

Na kuanzia leo, baiskeli isilazwe kwa ubavu wa kulia.