Mbegu ya Mlonge Hutuliza Tope, Haiondoi Sumu ya Mto Athi

(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na kamati za maji na vikundi vya akina mama)



Nimeombwa nizungumzie kusafisha maji kwa vitu vya shambani. Nitaanza na mlonge, ule mti tunaouita moringa. Wengi wenu mnao uani na mnachuma majani tu, mbegu mnaziacha zianguke.

Mbegu hiyo ina protini inayovuta chembe za udongo na vijidudu. Vinashikamana, vinakuwa vizito, vinazama. Akina mama wa Sudan walituliza maji ya Mto Nile kwa mbegu hizi muda mrefu kabla ya wanasayansi kueleza sababu yake. Ni kazi ile ile inayofanywa na shabu kwenye mitambo mikubwa ya maji.

Chukua maganda yaliyokaukia mtini. Menya mbegu, ubaki na kiini cheupe, utwange kwenye kinu. Kwa mtungi wa lita 20 wa maji ya silanga yenye tope jingi, tumia mbegu kama 20. Tope likiwa la wastani, 10 zinatosha. Koroga unga huo kwenye kikombe cha maji safi kwa dakika 5, uchuje kwa kitambaa safi, umimine mtungini. Koroga kwa kasi dakika moja au mbili, halafu polepole dakika 10 hadi 15. Funika, uache saa moja au zaidi bila kuutikisa, kisha mimina yale ya juu.

Maji yatang'aa, na hapo ndipo watu hukosea. Vijidudu vingi vimezama, lakini si vyote. Chemsha, au tia klorini. Na yasilale zaidi ya siku moja, kwa sababu mabaki ya mbegu yaliyomo huanza kuoza.

Sasa, Athi. Ninaulizwa sana: je, mbegu hizi, au makaa, au magunzi ya mahindi, haziwezi kutusafishia maji ya mto huu tukanywa? Mto unaotenganisha Makueni na Kitui unapokea Mto Nairobi, wenye majitaka ya mitaa, ya viwanda na ya mabwawa ya Ruai. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza 2018, liko pale Athi inapokutana na Mto Thwake. Maji hayo hayo ndiyo tunayotarajia yatufikie kwenye mifereji.

Ni kweli magunzi, makumbi ya nazi na mbegu za mlonge zimejaribiwa maabarani na kuonekana kunasa madini kama risasi. Lakini maabarani mtu anajua ndani ya maji mna nini na kiasi gani, na anapima tena baadaye. Jikoni kwako hakuna kipimo. Risasi haionekani wala haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Tena gunzi likishanasa sumu, sumu imo ndani ya gunzi. Utalitupa wapi? Mbuzi atalila, au litaishia mekoni. Kwa maji ya silanga na ya mvua, tumieni mlonge bila wasiwasi. Kwa Athi, msiutegemee.

(Wa visima vya floraidi: mlonge si dawa yenu. Kule Nakuru, Dayosisi ya Kikatoliki imetengeneza vichujio vya mifupa iliyochomwa, lakini ni kazi ya tanuri maalumu na vipimo, si ya jiko la mawe.)

Sumu ya kiwanda huzuiwa kiwandani. Kanuni za ubora wa maji zinakataza kumwaga majitaka ambayo hayajafikia viwango, na NEMA ndiyo yenye kazi ya kuzisimamia. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba ameumia yeye mwenyewe. Mkiona maji yamebadilika rangi, yana povu, au samaki wamekufa, andikeni siku, saa na mahali, mpige picha, mpeleke kwa NEMA na kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na nakala mtuletee sisi. Kamati yenye daftari la miezi sita si rahisi kuambiwa kwamba ni uvumi.

 Sasa niulizeni.