Umbali na Muda wa Safari ya Anga kati ya Mwanza na Bukoba: Tatizo la Ratiba ya Asubuhi



Istilahi mnazijua, nitazipitia haraka. Umbali wa anga ni njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Kati ya viwanja vya Mwanza na Bukoba ni kilomita 174 hivi, sawa na maili 94 za baharini. Muda wa kuruka huanza magurudumu yanapoacha ardhi. Muda wa ratiba huanza ndege inapoondoka maegeshoni na kuisha inapoegeshwa tena. Kwa barabara ni takriban kilomita 400, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, foleni ya kivuko imekwisha.

Shida huanzia kwenye kugawanya. Ndege aina ya ATR 42 huenda takriban kilomita 500 kwa saa. Gawanya, unapata dakika 21. Wapo wapangaji wa ratiba wanaoongeza robo saa ya kupaa, kushuka na kutembea ardhini, wakaona kazi imekwisha.

Ziwa Victoria halifuati hesabu hiyo, hasa asubuhi. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji. Upepo hutoka kandokando kuelekea ziwani, hukutana huko, hewa yenye unyevu hupanda na radi hutokea. Upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo magharibi, ndiko Bukoba iliko. Ndiyo maana mji huo hupata mvua nyingi kuliko Mwanza. Saa moja au saa mbili asubuhi, mara nyingi dhoruba ya usiku bado haijatawanyika. Alasiri mambo hugeuka, mawingu makubwa yakahamia nchi kavu. Kiwanja cha Bukoba nacho kiko ukingoni mwa maji, njia yake ya kurukia haifiki kilomita mbili. Rubani akikuta pazia la mvua, atazunguka angani au atarudi Mwanza. Dakika 21 zimekwenda wapi?

Haya nimeyaandika katika ripoti kwa miaka mingi. Hujibiwa kwamba yamepokelewa. (Kupokelewa ni jambo jema.)

Tarehe 6 Novemba 2022, majira ya saa tatu asubuhi, ATR 42 yenye watu 43 ilianguka ziwani karibu na kiwanja cha Bukoba katika hali mbaya ya hewa; 19 walifariki. Sisemi ratiba ndiyo chanzo; chanzo ni kazi ya wachunguzi. Ninataja saa na mahali tu.

Napendekeza, kwanza, safari za Bukoba zisogezwe mbali na asubuhi, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Muda wa ratiba upangwe kwa msimu. Picha za rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) iliyopo Mwanza zimfikie rubani kabla hajawasha injini. Abiria aelezwe anapokata tiketi kwamba ndege inaweza kurudi. Mashirika yasimpime rubani kwa kuwahi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) na TMA wakae meza moja kila ratiba mpya inapoombwa. Uwezo wa kutua bila kutegemea macho uongezwe Bukoba. Na tena, maana ndilo lililonileta: safari zisogezwe mbali na asubuhi.

Mwenyekiti, naomba pendekezo hilo la kwanza liamuliwe leo, kabla ya chakula cha mchana, na liandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na jina la taasisi itakayolitekeleza.