Kupanda kwa Usawa wa Bahari na Mipango ya Wakazi wa Pwani

Kupanda kwa usawa wa bahari, yaani kuongezeka kwa wastani wa kimo cha maji yake kwa miaka mingi, kunatokana na mambo mawili makuu: maji hutanuka yanapopata joto, na barafu iliyo nchi kavu huyeyuka na kuingia baharini. Kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa huo ulipanda duniani kwa takriban sentimita 20, kiasi kinachoonekana kidogo, lakini kinachojiongeza juu ya bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hata mawimbi yakafika yasikofika zamani.

Katika pwani ya Tanzania athari huonekana pale fukwe zinapomomonyoka, visima vinapoingia chumvi, na mabonde ya mpunga kisiwani Pemba yanapovamiwa na maji ya bahari. Ukuta wa zege hulinda sehemu ndogo kwa gharama kubwa, ilhali mikoko, ambayo mizizi yake hupunguza nguvu za mawimbi na kushika tope, hulinda eneo pana mradi isikatwe ovyo.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kwa hiyo serikali za vijiji na mitaa zinahimizwa kuweka alama mahali bamvua linapofikia, kuchimba visima vipya mbali na ufuo, na kutogawa viwanja ndani ya mita hizo.