Kajiado moja, masoko mawili: mauzo ya vifaa vya nyumbani Kitengela na Loitokitok

Wafanyabiashara wenzangu,

Wasambazaji wa Nairobi huiweka Kajiado yote kwenye kapu moja. Wanasoma sensa ya 2019, wanaona tumefika watu 1,117,840 kutoka 687,312 wa mwaka 2009, kisha wanatugawia mzigo uleule. Soko limekua kweli, ila ukuaji mkubwa uko upande wa Nairobi. Kitengela peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya 154,000, na kifaa kinachotoka haraka kule kinaweza kushika vumbi kwetu Loitokitok miezi mingi.

Kitengela hununua kwa mshahara. Wengi wamepanga nyumba, kazi iko Nairobi au viwandani Athi River, na duka hujaa mwisho wa mwezi. Wanachukua vitu visivyosumbua siku ya kuhama: meko ya gesi ya kilo 6, pasi, birika la umeme, runinga ndogo. VAT ya asilimia 16 iliporudishwa kwenye gesi Julai 2021, meko nyingi ziliwekwa pembeni na watu wakarudia makaa.

Loitokitok tunafuata mvua, nyanya na ng'ombe. Kitunguu na nyanya za Kimana na Namelok zikipata bei, runinga kubwa na wufa zinaondoka. Katika ukame wa 2022 hata mwenye boma kubwa hakuwa na ng'ombe wa kupeleka sokoni, na pesa kidogo iliyokuwepo ilinunua nyasi.

Mteja wetu ana pesa taslimu, lakini hana haraka. Mzee ametoka kuuza fahali, anafungua mlango wa friji, anaupapasa mpira wake, anataka ichomekwe aisikie ikinguruma. Halafu anauliza: "Kijana wangu, hii itavumilia stima ya huku?" Swali hilo ndilo linalofunga au kuvunja biashara, kwa sababu stima yetu hupanda na kushuka, na kompresa ndiyo huungua kwanza. Friji bila stabilaiza huku naiona kama kumuuzia mtu hasara.

Mkopo nao una shida yake. Malipo ya kila siku kwa M-Pesa, yaliyoenezwa na kampuni ya M-KOPA tangu 2012 kwa taa za sola, yanamfaa wa bodaboda na mama wa kibanda. Mfugaji hupata pesa nyingi kwa mara chache. Ukimdai kila asubuhi, kifaa kitafungwa kwa kukosa malipo akiwa bado na ng'ombe malishoni.

Kwa hiyo nawaomba wasambazaji mlioko hapa: awamu za malipo zifuate mavuno na soko la mifugo, stabilaiza iuzwe pamoja na friji kwa bei moja, na waranti iwe na fundi Loitokitok penyewe. Leo mteja anakodi pikapu kurudisha friji mbovu Nairobi, na nauli hiyo anailipa yeye.